Vunjajungu Hana Kesi

Bibi Kakenya huamka kabla ya jogoo wa jirani. Haamki mapema kwa sababu ya kazi. Huamka ili amsalimie Naibor.

Naibor ni ng'ombe mweupe. Kwa Kimaasai jina lake maana yake ni hiyo hiyo, mweupe. Kakenya humsalimia huyo kwanza. Baadaye ndipo humsalimia mwanawe Supeet, na mkwewe Sintamei, na mjukuu mchanga Naisenya, aliye mgongoni mwa mama yake. Nyumbani wameshazoea. Kama yupo anayeona wivu, hasemi.

Usimcheke Kakenya. Siku alipoolewa kule Nainokanoka, alisimama nje ya boma la mume wake akakataa kuingia. Ndivyo desturi inavyotaka. Bibi harusi hubembelezwa kwa mifugo. Baba mkwe akamwahidi ng'ombe mweupe, ndipo akaingia. Naibor ni wa uzao wa ng'ombe yule. Wenzake wote wa uzao huo walikwisha kufa, wengine kwa ukame, wengine kwa maradhi. Amebaki yeye peke yake, na sasa ana mimba.

Familia hii haikuwa ya Baray. Nainokanoka ni juu milimani, kuna ukungu na baridi, na kifua cha Kakenya kilikuwa kinakoroma usiku kucha. Daktari alimwambia Supeet, "Mshushe mama yako mahali penye joto." Supeet akawashusha wote, mama, mke, mtoto, na ng'ombe na mbuzi wachache, mpaka Baray, upande wa kwenda Ziwa Eyasi. Kifua kikapona. Lakini Kakenya hakuacha kulalamika.

"Hapa hata mawe yanatoka jasho," alisema.

Kitu kimoja tu hakukilalamikia, nacho ni jirani yake, Domitila.

Domitila, au Mama Dickson, ni Mwiraqw kutoka Mbulu. Alikuja Baray zamani kuvuna vitunguu kwa kibarua. Sasa ana shamba lake mwenyewe kando ya mfereji. Hana ng'ombe, ana mbuzi tu. Siku familia ya Supeet ilipofika, yeye ndiye aliyewaletea maji na makande ya moto kabla hawajamaliza kushusha vyombo. Kakenya hakujua Kiiraqw, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Domitila hakujua Kimaasai. Hata hivyo wanawake hawa wawili walikaa wakizungumza kutwa nzima, na hakuna aliyejua walikuwa wanaelewana vipi.

Mwaka huu mvua ilichelewa. Nyasi zikawa haba. Supeet akawa anawapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Naibor alibaki nyumbani kwa sababu ya mimba.

"Mama Supeet," Domitila alisema, "ng'ombe wako atakula nini?"

"Atakula upepo," Kakenya alijibu.

"Upepo haushibishi. Mimi navuna vitunguu. Majani ninayo mengi, tunatupa tu."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Domitila alikuja na tita la majani ya vitunguu kichwani. Naibor aliyafakamia. Kakenya alimpa jirani yake maziwa ya mbuzi wa Sintamei, na wote wawili walikaa wakimtazama ng'ombe akitafuna. Domitila alifurahi sana. Mtu akipenda kupika hufurahi kuona mgeni anakula, naye alifurahi hivyo.

Kisha Naibor akaanza kudhoofika.

Kwanza alipunguza kula. Baadaye alikuwa akisimama, miguu inatetemeka. Akitembea kidogo tu, anahema. Asubuhi moja Kakenya alimwona akikojoa, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alisimama pale pale, shuka likamdondoka begani, asiliokote.

"Supeet," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Anakojoa damu."

Wakati huo huo aliinama kuyatazama majani yaliyobaki mbele ya ng'ombe. Katikati ya majani kulikuwa na mdudu. Alikuwa mwembamba, wa kahawia, kama kijiti kilichokauka. Kijiti kile kiligeuza kichwa kikamtazama.

Kakenya alirudi nyuma. Alipokuwa msichana anachunga, wakubwa walimwonya juu ya mdudu anayefanana na kijiti. Walisema ng'ombe akimmeza pamoja na majani, haponi. Kule kwenye baridi hakuwahi kumwona mdudu huyo. Sasa alikuwa mbele yake, katika chakula cha Naibor.

"Ni huyu," alisema. "Naibor amemla mwenzake huyu."

"Huyo ni vunjajungu, Yeyo," Sintamei alisema. Yeyo ni mama kwa Kimaasai. "Shuleni tulikuwa tunawaona."

"Shuleni kulikuwa na ng'ombe?"

Mkwe habishani na mama mkwe, hasa siku ambayo ng'ombe anaumwa.

Kakenya akatangaza vita. Alichukua fimbo akazunguka uzio wote wa boma, uzio wa miiba uliofungwa kwenye nguzo za mgunga. Kila mdudu mwenye mikono iliyokunjwa alimwangusha, akamtupa motoni. Wa kijani, wa kahawia, mkubwa, mdogo, hakuchagua. Kulikuwa pia na vitu vilivyogandamana kwenye vijiti, vyepesi kama sifongo. Hakujua ni nini. Navyo akavitupa motoni.

Domitila aliposikia habari alihuzunika mno. Kesho yake akaleta matita mawili badala ya moja.

"Mgonjwa abembelezwe kwa chakula," alisema, akimpapasa Naibor usoni. "Kula, mama. Kula upate nguvu."

Naibor alikula kidogo. Jioni hakuweza kusimama.

Supeet hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kuazima bomba la kupulizia dawa katika shamba la vitunguu. Alipewa na dawa kidogo iliyobaki.

"Nitapuliza uzio wote," alimwambia mkewe. "Nitapuliza na nyasi zote zinazouzunguka. Asibaki hata mmoja."

"Ng'ombe wengine watakula nyasi gani jioni?" Sintamei aliuliza.

Mtu mwenye hofu hushika alichonacho mkononi, na yeye alikuwa ameshika bomba.

"Baba Naisenya," Sintamei alisema polepole, "mimi simpingi Yeyo. Lakini Naibor ni mgonjwa, na mgonjwa huitiwa mganga wake. Yupo afisa mifugo wa kata, yule dada Hosiana. Niache nimpigie simu. Akisema piga dawa, utapiga."

Supeet alimtazama mama yake aliyekuwa amekaa chini, kichwa cha Naibor kikiwa karibu na magoti yake.

"Mpigie," alisema.

Hosiana alifika na pikipiki yake, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, anayeongea na ng'ombe kama anavyoongea na watu. Alimkuta Supeet akikoroga dawa kwenye bomba.

"Shikamoo, Bibi," alimwamkia Kakenya. Kisha akamgeukia Supeet. "Kaka, weka hilo chini kwanza. Lifunike kwa kifuniko. Nani anaumwa?"

"Ng'ombe."

"Na wewe unautibu uzio?"

Supeet akaweka bomba chini.

Hosiana alichuchumaa karibu na Naibor. Alimpima joto. Akamgeuza mdomo akatazama ufizi, ulikuwa mweupe, umepoteza damu. Akamvuta kope akatazama ndani ya jicho. Akamkagua masikioni na chini ya mkia kutafuta kupe. Mwisho akaleta pua yake karibu na pua ya ng'ombe, akanusa. Akanusa tena.

"Nielezeni," alisema. "Ameanza lini, na mnadhani ni nini?"

Kakenya alimweleza habari za mdudu. Aliongea kwa Kimaasai, Sintamei akafasiri. Hosiana alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Bibi, ng'ombe wenu wengine wanalala wapi?"

"Hapa hapa bomani."

"Jioni wakirudi, hawang'ati majani ya uzio huu?"

"Wanang'ata."

"Basi wameshawala vunjajungu wengi bila kujua. Kuna aliyeumwa?"

Kakenya alifikiri. "Hakuna," alisema.

"Kuku je? Kuku akimwona vunjajungu anafanyaje?"

Sintamei alicheka kidogo. "Wanampigania. Mmoja akipata, wengine wanamkimbiza."

"Na wapo wazima. Bibi, vunjajungu hana sumu. Haumi kwa sumu, wala hana sumu tumboni. Ukimshika vibaya atakubana na miiba ya mikono, basi. Twende nikuonyeshe. Ukimjua mtu kwa sura na kwa tabia, humshitaki bure."

Hosiana alimpa Kakenya mkono, akamwinua. Walikwenda wote kwenye uzio. Vita ya Kakenya ilikuwa kali, lakini vunjajungu ni hodari wa kujificha, na walikuwa bado wapo.

"Tazama huyu," Hosiana alisema. Kwenye jani la kichaka alikuwa amekaa mkubwa, mnene tumboni, wa kijani, mrefu kuliko kidole cha kati. "Huyu tumwite vunjajungu wa majani. Mbawa zake zinafanana na jani. Ukitaka kuwa na hakika, tazama ubavuni mwa bawa. Unaona kidoa cheupe?"

"Nakiona," Kakenya alisema.

"Hicho ndicho kitambulisho chake. Sasa tazama kichwa. Kina pembe tatu, na shingo inageuka. Anaweza kukutazama huku mgongo amekupa. Na mikono ya mbele ameikunja, ina meno kama msumeno. Ukiona shingo inayogeuka na mikono ya namna hiyo, huyo ni vunjajungu, hata akiwa wa rangi gani. Panzi hana mikono hiyo. Panzi ana miguu mikubwa ya nyuma ya kurukia."

"Na yule wa kijiti?"

Walimtafuta. Sintamei ndiye aliyemwona, amenyooka juu ya tawi kavu, wa kahawia, mwili wenye mikwaruzo kama gome.

"Wazee wako hawakudanganya kwamba yupo mdudu kijiti," Hosiana alisema. "Yupo, lakini ni mwingine. Yule ana miguu myembamba sita, yote ya kutembelea, hana mikono ya kukunja. Hula majani. Huyu wetu hali majani kabisa, hula wadudu. Mtazame mikono."

Kakenya alisogeza uso wake karibu. Mikono ilikuwa imekunjwa, ina meno.

"Na yule mwingine, anaua ng'ombe?" aliuliza.

"Nimesikia habari hizo sehemu nyingi, Bibi. Lakini tangu nianze kazi hii sijaona ng'ombe hata mmoja aliyekufa kwa kumla. Nikiona, nitakuja kukuambia."

Kwenye ua la mboga ya Sintamei walimkuta mdogo mzuri, mweupe na kijani, bawani ana mchoro wa mviringo kama jicho.

"Huyu ni wa maua," Hosiana alisema. "Akitishwa hufunua mbawa ili adui adhani ametazamwa na jicho kubwa. Wanaoongoza watalii pale Karatu wanampenda sana, wageni wanampiga picha mpaka wanasahau simba. Sitawaambia kwamba ni malaika, anakamata na nyuki. Lakini wenzake hawa wanakula panzi, nondo, na viwavi wa mboga hizi. Ukipuliza dawa, unawaua walinzi wako. Na ng'ombe akila nyasi zenye dawa ya vitunguu, hiyo ndiyo sumu kweli."

Supeet alilitazama bomba lake. Alikwenda akalifunga kabisa, akalipeleka mbali na nyasi.

Mwisho Hosiana alisimama mbele ya nguzo ya mgunga. "Hapa pana mwingine. Nani atamwona?"

Walitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa nguzo tu, ina gome la kijivu lenye mabaka. Kisha kipande kimoja cha gome kiligeuza kichwa.

"Huyu ni wa magome," Hosiana alisema kwa sauti ya chini. "Ni bapa, anajilaza. Tazama chini ya tumbo lake. Amefunika kitu kirefu, chembamba. Hayo ni mayai yake. Vunjajungu wengi hutaga ndani ya povu linaloganda kwenye kijiti, kama sifongo, kisha mama huondoka. Huyu haondoki. Hukaa juu ya mayai yake mpaka watoto watoke. Jua likiwaka, yupo. Upepo ukivuma, yupo."

Kakenya alivikumbuka vile vitu vyepesi alivyovitupa motoni, akauma mdomo.

"Sasa," Supeet alisema, "kama si mdudu, Naibor anaumwa nini?"

Hosiana hakupata nafasi ya kujibu. Njiani alikuwa anakuja Domitila, tita la majani kichwani, anahema kwa haraka.

"Daktari amefika? Nimechelewa, nilikuwa namchagulia yaliyo mabichi zaidi. Amka, Naibor, nimekuletea."

Alitua tita mbele ya ng'ombe. Harufu ya vitunguu ikajaa. Hosiana aliyatazama majani, akamtazama Domitila, na uso wake ukawa mzito.

"Mama, anakula haya kila siku?"

"Kila siku," Domitila alisema kwa fahari. "Sikukosa hata siku moja."

"Na kitu kingine?"

"Kitu kingine kipo wapi? Nyasi hakuna."

"Mama Dickson, keti," Hosiana alisema. "Hukufanya ubaya. Lakini lazima niseme. Majani ya vitunguu, na vitunguu vyenyewe, yakiwa mengi yanavunja damu ya ng'ombe. Damu ikivunjika hutoka na mkojo, ndiyo maana mkojo umekolea rangi. Ufizi unakuwa mweupe, nguvu zinaisha. Nilipomnusa, pumzi yake ilikuwa na harufu ya kitunguu."

"Mbuzi wangu wanakula kila msimu," Domitila alisema. Sauti ilikuwa imeanza kumpotea.

"Mbuzi na kondoo wanastahimili zaidi. Ng'ombe hawezi. Kosa hili wengi wanalifanya huku kwenye vitunguu, wanaona mbuzi ni wazima wanadhani na ng'ombe ni hivyo hivyo."

Domitila alimtazama Kakenya. Alisubiri neno moja tu. Kakenya alikuwa anamtazama Naibor. Neno halikutoka. Domitila aliinama, akaliokota tita lake, akalibeba, akaondoka. Hakuaga.

Hosiana alifanya kazi yake. Alichukua damu kidogo ikapimwe Karatu. "Mkojo mwekundu unaweza kuwa pia ugonjwa wa kupe," alisema. "Hana homa, wala sikuona kupe, lakini mtu habahatishi na uhai. Ukiona mkojo wa namna hii, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo." Alimchoma Naibor sindano ya kumsaidia kuongeza damu. Akasema sumu ya kitunguu haina sindano ya kuiondoa, dawa ya kwanza ni kuacha. "Mpeni maji mengi, kivuli, na nyasi kavu nzuri. Asitembezwe. Siwezi kukuahidi kwamba atapona, Bibi, wala ndama. Lakini mmeniita angali anapumua vizuri."

Majibu yalitoka Karatu. Haukuwa ugonjwa wa kupe.

Supeet alitafuta nyasi mbali, akabeba mwenyewe mgongoni. Sintamei alichota maji. Kakenya alikaa na Naibor kutwa nzima. Polepole mkojo ulianza kuwa mweupe. Siku Naibor alipojiinua na kusimama, Sintamei alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Kakenya hakulia, wala hakucheka. Alitazama njia ya kwenda kwa Domitila. Njia ilikuwa tupu, na ilikuwa tupu tangu siku ile. Hata mferejini Domitila alikuwa akimwona Sintamei anageuka na ndoo yake.

Pale alipokaa, nguzo ya mgunga ilikuwa karibu na bega lake. Vunjajungu wa magome alikuwa bado juu ya mayai yake. Sisimizi walipita, hakuondoka. Jogoo alipita, mdudu alijilaza zaidi. Kakenya alipunga shuka akamfukuza jogoo. Akawa anamlinda kila siku, asimwambie mtu.

Asubuhi moja aliona chini ya mama yule kitu kinachotembea. Walikuwa wadogo mno, weusi, wengi, wanatawanyika kwenye gome kila mmoja na safari yake. Hata mikono yao midogo walikuwa wameikunja. Kakenya aliwatazama mpaka macho yakamjaa machozi. Kisha akasimama, akajifunga shuka, akachukua fimbo yake.

"Unakwenda wapi, Yeyo?" Sintamei aliuliza.

"Nilikopaswa kwenda zamani."

Alimkuta Domitila amekaa peke yake katikati ya vitunguu, anakata majani. Alipomwona Kakenya aliangusha kisu.

"Amekufa?" aliuliza.

"Nani?"

"Naibor."

"Naibor anakula kuliko mimi." Kakenya aliketi chini, kwenye udongo, karibu naye. "Wewe ndiye umekufa. Hujaja kunisalimia."

Domitila alifunika uso kwa kanga. "Nitakujaje, Mama Supeet? Nilimlisha sumu kwa mikono yangu. Nilikuwa namwambia, kula upate nguvu."

"Na mimi nilikuwa na moto," Kakenya alisema. Alitafuta maneno ya Kiswahili, akayapata moja moja. "Nimechoma wale wadudu. Nimechoma na mayai yao. Walikuwa wanalinda mboga ya nyumba yangu. Leo nimeona watoto wao wanazaliwa. Domitila, wewe hukujua, mimi sikujua. Wewe ulifanya kwa upendo. Mimi nilifanya kwa hasira. Sasa nani amemzidi mwenzake kwa kosa?"

Domitila alitoa kanga usoni.

"Siku ile hukusema kitu," alisema. "Nilingoja useme."

"Siku ile mdomo ulikataa. Naomba unisamehe. Nyumba ile haina sauti bila wewe."

Walishikana mikono. Mikono ya wote wawili ilinuka vitunguu, na hakuna aliyejali.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika nyumbani kwa Supeet, na hata kwa majirani. Domitila mwenyewe aliwaambia wenzake mferejini, bila kuficha jina lake, "Majani ya vitunguu msiwape ng'ombe. Mimi nilijifunza kwa uchungu, nyinyi jifunzeni bure." Majani sasa wanayarundika shimoni yaoze, yawe mbolea. Sintamei hapulizi dawa ovyo kwenye mboga. Kabla ya kukata matawi ya uzio hukagua kama kuna mayai, na tawi lenye mayai hulifunga mahali pengine. Wageni wakija, Kakenya huwapeleka uzioni kama mwalimu. Akimwona vunjajungu humwacha apande kwenye kijiti, hamfinyi. "Huyu wa majani, tazama kidoa," husema. "Huyu wa kijiti. Huyu wa maua, usimsumbue." Anayebisha huulizwa, "Kuku wako amekufa?"

Mvua ilinyesha. Nyasi ziliota. Naibor alizaa alfajiri, ndama jike, mweupe mwenye baka la kahawia shavuni. Alikuwa mdogo kuliko ndama wengine, lakini alisimama mwenyewe na akatafuta chuchu mwenyewe. Hosiana alikuja kumwona, akasema ni mzima.

Jioni Kakenya aliongea na mwanawe kwa muda. Supeet alitikisa kichwa kukubali. Kisha wakamwita Domitila. Alikuja na kibuyu cha uji kwa ajili ya Kakenya, akasimama kando, mbali kidogo na ng'ombe. Tangu ule ugonjwa alikuwa anaogopa kumgusa Naibor.

"Sogea," Kakenya alimwambia. "Mguse huyu mdogo."

Domitila aliweka kiganja juu ya mgongo wa ndama. Mgongo ulikuwa bado na unyevu.

"Ni wako," Kakenya alisema.

"Wangu?"

"Atakaa na mama yake mpaka aache kunyonya. Kisha atakuja kwako."

Domitila alitikisa kichwa. "Hapana, Mama Supeet. Hapana. Huu ni uzao wa harusi yako. Wamebaki yeye na mama yake tu. Na mimi ndiye niliyekaribia kuumaliza."

"Ndiyo sababu nakupa. Hakuna mtu duniani atakayemtunza kwa hofu kuliko wewe. Hatagusa jani la kitunguu mpaka azeeke."

Supeet alicheka. Sintamei alicheka. Domitila alitaka kucheka, akalia.

"Tena usiniite Mama Supeet," Kakenya aliendelea. "Kwetu ukimpa mtu ndama jike kwa moyo, majina ya zamani yanakwisha. Mnaitana Paashe. Wewe kwangu ni Paashe, na mimi kwako ni Paashe. Mpaka mmoja wetu azikwe."

Domitila alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alijaribu kulitamka neno lile, likakwama. Alimtazama ndama, akamtazama mwenye ndama, akajaribu tena.

"Paashe," alisema.

Kakenya akaitika.